Maji Yanayozoleka

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajafika kwetu mwezi wa Novemba,
Mto Lena ukiwa umefumba mdomo.
Huku maji tunayazoa.
Tunayakata kwa msumeno, tunayabeba kwa koleo,
tunayapanga uani kama matofali
ya nyumba isiyokuwa na fundi.
Mama huyahesabu: mia na arobaini mpaka Mei,
wageni wasipozidi.

Mwalimu Dulustaan hana maabara.
Ana jiko la kuni, sufuria iliyobonyea,
na kipimajoto cha pombe nyekundu,
maana zebaki, asema, ni mwoga:
nyuzi thelathini na tisa chini ya sifuri
inakakamaa kama aliyeitwa jina lake gizani.
Pombe huvumilia.
Darasa zima likamgeukia Nyurgun, kwa sababu ya babake.
Nyurgun akageukia dirisha,
ambalo halikuonyesha kitu.

Akachora: kichwa kimoja, masikio mawili.
Oksijeni ni mchoyo, akasema,
elektroni za shirika anazivutia kwake,
basi yeye huwa hasi kidogo,
na hidrojeni, zilizopunjwa, chanya kidogo,
kila moja ikitafuta jirani wa kuegemea.
Msiite hiyo ndoa. Ndoa imo ndani ya molekuli.
Hili ni bega la mwenzako kwenye foleni ya mkate:
unaliegemea, unaliacha, unashika jingine.
Katika maji foleni haitulii.
Katika barafu kila mmoja kawashika wanne
akanyoosha mikono, akasimama.
Ajabu yake, wakishikana hivyo
wanaachiana nafasi kubwa zaidi,
ndiyo maana barafu inaelea,
ndiyo maana chini yake samaki wana mwezi Januari.

Tukatia bonge la mto ndani ya sufuria,
tukaandika kila dakika.
Sifuri.
Sifuri.
Moto unanguruma, Tuyaara anaongeza kuni,
sufuria inalia, wino unasema sifuri.
Kipimo kimekufa, mwalimu.
Hakijafa. Joto linakwenda wapi?
Tukanyamaza, hata Nyurgun anayejua kila kitu.
Linafungua mikono, akasema,
moja baada ya moja. Na joto linalofungua mikono
halina namba ya kujitangaza.
Ngojeni iishe ya mwisho.

Nilikuwa na daftari mkononi nikarudi nyumbani.

Baba aliondoka majira ya baridi mawili yaliyopita
kwenda machimbo ya almasi,
kwa lori ambalo dizeli yake ilikuwa uji,
wakaipasha moto chini ya tangi wakitukana.
Pesa zilikuja miezi mitano. Kisha salamu.
Kisha mtu aliyemwona na mtu.
Mama hakupandisha sauti, hakushusha.
Alikoroga supu ya samaki. Aliongeza kuni.
Majirani walisema, Sargylana ana moyo wa jiwe,
nami niliwaamini, kwa kuwa nilisoma kipimo tu.

Jioni ile shati lake lilikuwa kwenye kamba.
Mama hulifua kila mwezi, halivaliwi na mtu.
Lilikuwa limeganda mikono wazi,
gumu kama mlango.
Siku ya kwanza lina barafu, ya nne ni jepesi,
na chini yake theluji haina hata tone:
barafu imeruka ikawa hewa
bila kupita kwenye maji.
Hilo nalo mwalimu alilitaja,
nikaandika pembeni, herufi ndogo.

Mama akaling'oa, akaliingiza ndani,
akalisimamisha nyuma ya jiko kama mgeni.
Lilikuwa bado halijakauka sawasawa, nadhani.
Bega moja likalegea kwanza.
Mkono ukashuka.
Mama alikuwa amekaa na kikombe akiutazama,
nami nikaangalia saa, kama tulivyofunzwa,
nikashika kalamu,
nisijue niandike namba gani.