Msoma Mita, Mtaa wa India

Naanzia Boma, saa mbili, daftari kwapani,
tochi mfukoni, maana mita za Bagamoyo hupenda kujificha:
chini ya ngazi, nyuma ya pipa,
ndani ya ukuta wa matumbawe ambao ukiushika
unakuachia kiganja cheupe
kama umepeana mkono na fundi chokaa.

Wageni hupita shingo juu, wakisoma milango,
maua, minyororo, misumari ya shaba.
Mimi husoma chini.
Mtaa huu nimeujua kwa magoti.

Nyumba ya kwanza, uniti kumi na moja.
Ya pili, mbwa.
Ya tatu ina kufuli la Kichina
juu ya mbao iliyochongwa kabla babu wa babu yangu hajatahiriwa.
Hodi! Sauti inanijibu kutoka darini
kwamba mwenye nyumba yuko Maskati,
na bili imfuate hukohuko.

Nakata uchochoro wa nyuma ya forodha ya zamani.
Harufu ya paka. Harufu ya vitumbua. Paka mwenyewe.

Arobaini na mbili haina paa.
Mkuyu umeketi dirishani kama mwenyeji,
miguu imening'inia hadi sebuleni.
Daftari linasema: HAIKALIWI.
Miaka minne naandika sifuri, napita.
Leo kigurudumu chekundu kinazunguka.
Polepole, lakini kinazunguka.

Hodi, nikasema, mara yangu ya kwanza kwa nyumba hii.
"Karibu, ila usinikanyagie mchele."
Mwanamvua, ndoo tatu, sufuria la kulisha wajenzi,
kanga imefungwa kwenye tundu la boriti iwe pazia.
"Bibi yangu alizaliwa chumba kile,"
akaonyesha juu, hewani,
mahali ghorofa ilipokuwa.
Njiwa wawili walikuwa wamekaa chumbani humo.
"Hati?"
"Zililowa mwaka wa Elnino. Andika unavyoona."

Nikapiga magoti. Uniti tatu.
Kalamu ikasita kwenye safu ya maelezo.
Nikalikata lile neno katikati,
nikaifuta KALIWI,
nikaiacha HAI.

Uniti tatu nazo niliziandika, kazi ni kazi;
nani atalipa, ofisi itajua.
Akanifungia kipande cha muhogo kwenye gazeti.

Arobaini na tatu, mbwa tena.