Seva ya Mia Tatu na Kumi na Saba

Kaskazini ya Finlandi, ambako Januari jua huchungulia tu
likarudi kulala,
ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha karatasi,
Aune Kettunen alikunja mikono ya sweta
akaiamuru seva moja: panga.
Majina bilioni moja, kwa alfabeti.
Ikapanga. Dakika arobaini na nane.
Akaandika, kahawa ya pili imeshapoa.

Mbili: ishirini na tano.
Nane: saba.
Sitini na nne: dakika moja na sekunde hamsini,
akapiga meza kwa kiganja
kama mtu aliyepata kingi kwenye drafti.

Kisha mia tano na kumi na mbili.
Dakika tisa.

Alirudia. Tisa.
Akarudia usiku wa manane, tisa na ushei.

Wahenga walitwambia kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakutwambia vidole mia tano na kumi na viwili
humvunja kwa muda gani,
wala muda unaopotea vikiulizana:
umemshika? nimshike mimi? nani aanze?

Jorma, meneja, alikuja kwa treni na tai yake ya buluu.
Mteja anafika Alhamisi, alisema. Andika wastani.
Wastani unapendeza.

Kweli unapendeza. Wastani ni kanzu,
hustiri hata goti lenye kidonda.

Aune hakubishana. Alishuka ukumbini,
akapita katikati ya makabati yanayounguruma
akiyapapasa moja moja, kama mama apimaye homa.
Mia tano na kumi na moja zilikwisha kazi kitambo,
taa za kijani zikipepesa,
zikiingoja moja.

Ilikuwa ya moto.
Feni yake imekabwa na vumbi jeupe,
laini kama unga wa sembe:
vumbi la karatasi, lililojificha darini
tangu enzi za mashine alizoendesha baba yake
miaka thelathini na mmoja, bila barakoa.

Alilitoa kwa brashi ya rangi.
Sekunde thelathini na tisa, zote mia tano na kumi na mbili.
Jedwalini akaacha safu zote mbili,
ile ya aibu juu.

Nyumbani alimkuta mzee kitini, anakohoa.
Hakumwambia kitu. Alivua buti, akakaa karibu naye,
akajikuta anahesabu
kutoka kikohozi hadi kikohozi:
nane. Sita.
Nane.
Nne.