Kichwa cha Shaame

Bi Mgeni aliniachia noti ya elfu mbili
chini ya kopo la poda.
"Muhogo anaula bila chumvi. Pweza hamtaki tena, Pemba hii!
Akija, usimwulize kitu. Mnyoe."

Akaja. Nywele zimemshuka mabegani
kama mizizi ya mikoko maji yakitoka,
kofia ya rangi tatu ameivua mlangoni
kwa adabu, kama aingiaye nyumba ya msiba.
Kiti kikalia vilevile kilivyolia
alipoletwa wa miaka saba, ana chawa.

Kinyozi bubu hajazaliwa Wete.
Nikasema: "Dini hii, Shaame, isnadi yake ipi?"
Akacheka; chuo tulisoma kimoja.
"Nimeipokea Nungwi, kwa Elibariki, mchonga vinyago,
naye kaipokea Nairobi, kwa fundi redio,
naye kwa kanda iliyokwaruza,
na kanda ilitoka Jamaika, kisiwa kama hiki,
kwa wajukuu wa waliochukuliwa na minyororo,
wakakaa kule wakielekea Uhabeshi
kama sisi tunavyoelekea kibla."

Nikauweka mkasi.
Uhabeshi naujua. Ndiko walikokimbilia maswahaba wa mwanzo,
Najashi akawapokea,
zawadi za waliowafuata akazirudisha.
Nimeyasikia hayo nina ubao mapajani.

"Huyo mfalme mwengine," nikamwambia.
"Mwengine," akakubali. "Mlango je?"

Nikafuta kioo. Kilikuwa safi.

"Na hilo Ras mnaloitana?"
"Kichwa."
Kichwa! Basi na Rasi Kigomasha ni kichwa,
kichwa cha Pemba, kimeota magugu mpaka ukingoni,
mawimbi yanakipiga usiku na mchana,
na sijasikia mtu aliyelipwa kwenda kukinyoa.

Nilimsawazisha ndevu, basi. Kidogo, chini ya sikio.
Alinishukuru kwa kuweka mkono kifuani,
akatoka, watoto wa Utaani wakamfuata
wakipiga kelele jina ambalo si lake, na yeye akiitika.

Alasiri Bi Mgeni akapita, akatazama sakafu:
nywele za watu wengine, fupi, nyeusi na mvi.
Nikamrejeshea noti yake.
Akaihesabu, ingawa ilikuwa moja.
Akaifunga pembeni mwa kanga, akafika mlangoni, akarudi,
na kwa sauti ya mtu anayenunua kitu cha aibu
akaniuliza:
"Mafuta gani huzifaa?"