Kifungo cha Kumi na Mbili

Tulianza kwa kosa.
Kifurushi kilishuka bandarini Bukavu asubuhi ya mvua,
juu jina langu, ndani vitu vya mwingine:
vifungo kumi na viwili, rangi ya chai ya maziwa,
vimeshonewa kwenye katoni kama meno ya mtoto.
Nikarudisha kumi na kimoja.
Nikaandika: Mama, usinichukie, kimoja kimenishinda kuachia.
Jibu likaja na boti ya Jumamosi,
nyuma ya karatasi ya kukatia kola:
Kaa nacho. Lakini uniambie umekishona wapi.
Kavira, wa Goma, Himbi.

Sikuwa nimekishona popote.
Nikadanganya: kwenye gauni la binti yangu Ansima,
mgongoni, juu ya zipu.
Na usiku ule, ili uongo usilale na njaa,
nikakata gauni.

Mimi, niliyekuwa mtu wa kupunguza suruali tu.
Cherehani yangu ya mkono inakaa mezani pa chakula.
Watoto wanakula sambaza upande huu,
mimi napinda kikwembe upande ule,
na siku moja mdogo alikuta uzi wa bluu ndani ya bugali,
akauvuta polepole, akasema:
Mama, leo umepika shati.

Umeme ukikatika, Kadutu nzima inasema "aah" kwa pamoja.
Siachi.
Mkono wa kulia unajua gurudumu,
wa kushoto unajua kitambaa,
simu yenye tochi nimeing'ata kwa meno.

Nsimire wa nyumba ya juu akisikia tikitiki
hushuka ngazi za udongo, eti amekuja kuomba chumvi.
Chumvi haombi.
Anashika kwapa la gauni, analigeuza nje ndani:
"Hapa umeharakisha."
Nafumua.
Tangu tujuane hajanisifu hata mara moja,
na kila ninachoshona
nakishonea jicho lake.

Kavira tulimsoma kwa mishono, sisi wawili.
Mishono ya kubanana: wiki hiyo hakulala.
Uzi maradufu mahali pasipohitaji: ana hasira na mtu.
Mara moja alituma mkono wa blauzi, tumsaidie marinda,
na vumbi jeusi limejificha mikunjoni,
vumbi la mawe yao, yale ya mlima.
Nilitaka kuukung'uta.
Nsimire akasema acha, hizo ni salamu.

Halafu, Agosti, akaja mwenyewe.
Mfupi kuliko barua zake.
Tukakaa. Chai ikapoa.
Wanawake watatu walioandikiana hadi habari za mimba zilizotoka,
sasa tunaulizana bei ya sukari.
Nikatazama blauzi yake ili nisitazame uso:
vifungo kumi na kimoja,
na tundu la mwisho, chini, limefungwa kwa pini.
Miaka miwili.
Pini.

Nikaingia chumbani, nikatoa lile gauni
(Ansima lilishambana zamani),
nikashika mkasi.
Kavira akanidaka kiwiko.
"Usiguse. Hilo ni deni langu.
Nani hufunga safari kwenda kwa mtu asiyemdai?"

Nsimire hakucheka.
Alikuwa ameshainama zamani,
ameshika upindo wa sketi ya mgeni
pale uzi ulipolegea, pengine ngazini kwetu,
akachomoa sindano kwenye kola yake mwenyewe.
"Na wewe," akamwambia, "hapa umeharakisha."

Kavira akamtazama muda.
Kisha akapandisha mguu juu ya kigoda, kama mtoto anayetolewa mwiba,
akaanza kutueleza, tangu mwanzo, ni nani aliyemkasirisha
mwezi ule wa uzi maradufu.

Sambaza ziliungua.
Tukazila hivyo hivyo.