Shehena Iliyotangulia

Fomu yetu pale yadi ya Kurasini
ina mstari mmoja mfupi: Shehena iliyotangulia?
Dereva Mbwilo aliandika "molasi"
kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha ondoka.

Bandarini foleni yake namba tisa.
Tani thelathini za mawese, Dodoma wanazingoja.
"Suuza tu," akasema, "maji mara mbili, gonga muhuri.
Tanki lenyewe linang'aa, hulioni?"

Naliona. Linang'aa kama sinia la harusi.
Lakini tanki ni tumbo, ndugu yangu,
na tumbo halisomwi kwa ngozi.

Nikapanda ngazi, nikalegeza boliti sita za mfuniko.
Sikuingia.
Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwa pupa
nikatolewa kwa kamba kama ndoo kisimani,
na bega la Kibwana Pazi, aliyenivuta,
hadi leo hulalamika mvua ikikaribia.
Siku hizi nanusa kwanza.

Molasi naijua:
sukari iliyosahauliwa motoni, hung'ang'ania kooni.
Mle ndani utamu ulikuwepo, ndiyo,
ila chini yake, kama mgeni aliyejificha uvunguni,
kitu chembamba, kikali,
kinachokwenda moja kwa moja nyuma ya macho.

"Mbwilo! Baada ya molasi ulibeba nini?"

Akatazama viatu vyake.
Akatazama kreni za bandari, kana kwamba zitamjibia.
"Thina. Safari moja tu, Chang'ombe hadi Kibaha.
Bosi hajui. Shule zinafunguliwa, mzee."

Sikumgombeza.
Ada ya shule nayo naijua harufu yake.
Nikamwambia zima injini, kunja mikono ya shati,
leo utakuwa msaidizi wangu.

Feni ikapuliza mpaka kipima hewa kikanyamaza.
Kibwana akashika kamba, kwa bega la kushoto.
Kisha maji ya moto, kisha soda kali, kisha maji tena,
kichwa cha bomba kikizunguka gizani
kama anayemtafuta mtu na hataki kutaja jina.
Chumba cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, chenye kona mbaya.
Maji machafu tukayaelekeza kwenye shimo la zege,
maana mtaro wa nje hushuka Mto Kizinga
na kule kuna watu na mchicha wao.

Tulidhani tumemaliza.
Kibwana akasema, valvu.
Tukaifungua. Mpira wake ukatoka umevimba, laini,
umelewa thina kama mlevi wa Jumapili.
Chuma husahau ukikiosha. Mpira hausahau.
Mpya elfu arobaini;
Mbwilo akalipa, wala hakuomba kupunguziwa.

Namba tisa ilipita. Ishirini ikapita.
Saa kumi na moja nikaingiza kichwa mara ya mwisho:
nikasikia pumzi yangu tu, ikinirudia.
Ndipo nikagonga muhuri.
Juu ya "molasi" Mbwilo akapiga mstari,
akaandika "thina", taratibu, herufi kubwa.

Wiki ijayo atarudi na tutaanza upya.
Tanki ni kama mtoto mchanga:
kuogeshwa jana hakumsaidii leo.

Usiku, dukani kwa Mchaga wetu, Mtoni kwa Azizi Ali,
nilinunua mafuta ya kupima, kibaba kimoja.
Nikafungua chupa, nikaisogeza puani.
"Unanusa nini, mzee? Hayo si marashi!"
Foleni nzima nyuma yangu ikacheka.

Nikafunga kizibo, nikalipa.
Nyumbani Tabu alikuwa amekwisha bandika kikaango,
na mjukuu kakaa mkekani,
kashika sahani tupu kwa mikono miwili.