Tabaka la Saba

Kontena letu la ofisi, Mabokweni. Feni inakoroma.
Kwenye skrini, ramani ya zahanati
imevikwa alama, kanga juu ya kanga:
nyekundu ya injinia Kihiyo juu kabisa,
buluu ya umeme, kijani cha mabomba,
zambarau ya mtu wa bima
ambaye hajawahi kukanyaga matope yetu.
Chini ya wote, tabaka la saba:
duara dogo la Semkiwa, mwashi,
na maneno matano.
*Hapa pana kisima. Msisimamishe nguzo.*

Halijafutwa. Limefunikwa tu.

Kupanga upya kwa mkono, kurasa mia na arobaini,
ni kuteka maji kwa pakacha.
Nikaandika programu, mistari kumi na mmoja:
niletee orodha ya matabaka,
la mwisho litangulize,
mengine yasogee nyuma hatua moja.

Mfumo ukanijibu: *huna ruhusa.*
Nikacheka peke yangu.
Ndivyo alivyoambiwa Semkiwa
mlangoni mwa kikao, kofia mkononi.

Nikamwomba Mwamvita wa makao makuu ufunguo.
Hakuuliza wa nini.
Saa tano usiku likaja jibu: mia mbili.
Kwa lugha ya mashine, haya, sawa.

Asubuhi Kihiyo anainamia tableti,
anaikuza kwa vidole viwili.
Nyekundu yake ipo, haijapauka hata chembe,
ila duara limeikalia.
"Nani kampandisha huyu?"

Nje, katapila limezimwa.
Semkiwa amefukua, amepata ufa,
anadondosha kokoto.

Sote tunategea sikio.