Nyota Nne Ndogo

Jumanne, saa nne usiku, Ofisi ya Itifaki
imeirudisha bendera kwa mara ya pili.
"Mama Eudoxie," kijana anasema, hanitazami usoni,
"nyota ndogo hazisimami wima.
Kila moja inainama,
ncha yake iuelekee moyo wa ile kubwa."

Sikujua. Nani angeniambia?
Miaka kumi na tisa nimewashonea wale wengine,
wenye jua jeupe, waliotufundisha kupanda mapera
yasiyo na mbegu. Waliondoka Ijumaa,
mabegi mawili mawili, bwana Hsu akilia
mbele ya duka la mkate kama aliyefiwa.

Redio ilisema "urafiki wa kudumu"
kwa sauti ile ile iliyoutangaza ule wa kwanza.

Basi nafumua. Uzi wa manjano
unatoka kwenye nyekundu ukiacha vitundu
kama vya sindano ya hospitali,
hospitali wanayosema itajengwa, ghorofa tano,
pale Theophilus anapofunga mbuzi wake.

Nachoma pini. Nainamisha ya kwanza.
Ya pili. Shingo inaniuma.
Ukutani bendera yetu imefifia kwa chumvi ya Karibi;
hakuna aliyewahi kuileta irekebishwe.

Kesho balozi wa Beijing atashuka,
bendi ya polisi itapiga wimbo iliojifunza jana.
Ile ya zamani nimeikunja sandukuni,
chini ya manyoya ya kanivali.
Sikuichoma.
Kitambaa kizuri kile,
na bei ya buluu imepanda.